Jini Hana Mchumba

Kijana yuko ufukweni peke yake, na mbele yake kuna chupa iliyotupwa na mawimbi. Anaifungua. Moshi mweusi unapanda hadi mawinguni, na kutoka katika moshi ule linasimama jitu linalocheka kwa kishindo, unyayo wake mmoja ni mkubwa kuliko kijana mzima. Jini huyo amefungiwa humo tangu enzi za Mfalme Suleimani, na hasira zake atazimalizia kwa aliyemfungulia. Kijana hakimbii. Anajifanya kushangaa: kiumbe mkubwa namna hii aliwezaje kuenea katika kichupa kama hiki? Jini kwa majivuno anarudi ndani ili amwonyeshe, na kizibo kinashindiliwa. Sasa ndipo wanaweza kuzungumza. Kijana anapewa maombi matatu na, kwa kuwa ana njaa, la kwanza anaomba soseji kama zile alizokuwa akikaangiwa na mama yake.

Hiyo ni The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, kazi ya mtayarishaji Alexander Korda. Kijana ni Sabu, mzaliwa wa Mysore, India. Jini ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshajipatia jina kwa kucheza nafasi ya Mungu mwenyewe katika The Green Pastures ya 1936. Uhai wote wa filamu uko kwa hao wawili. Ukifika mwisho, hata hivyo, binti mfalme anaolewa na Ahmad, mfalme aliyechezwa na John Justin, Mwingereza. Bibi harusi ni June Duprez, Mwingereza pia. Jini ameshapata uhuru wake na kuruka kwenda zake. Sabu, ambaye ndiye aliyemuua mchawi Jaffar kwa mshale, anatangaziwa kwamba atapelekwa shule ili siku moja awe waziri. Anarukia zulia na kutokomea angani kabla hawajamshika.

Filamu ile ilikuwa ya gharama kubwa na ilichukua tuzo tatu za Oscar. Lakini ndiyo iliyowafundisha kazi watengenezaji wa picha za bei poa waliofuata, wale wa mazulia yanayoruka, mapanga yaliyopinda na miungu ya mawe yenye macho ya rubi. Ukizipanga picha hizo mwaka kwa mwaka, utaratibu mmoja unajirudia kwa nusu karne: mwigizaji asiye Mzungu aliweza kupewa nguvu, hekima, hata kiti cha enzi, mradi hadithi ya mapenzi isipite kwake.

Tiketi moja, picha mbili

Kuanzia miaka ya 1930, majumba mengi ya sinema nchini Marekani yaliuza tiketi moja kwa picha mbili. Ya kwanza ilikuwa na nyota wakubwa, na mwenye jumba aliilipia kwa asilimia ya mapato. Ya pili, iliyoitwa filamu ya daraja B, aliikodi kwa kiasi maalumu, ijaze watu au isijaze. Mtengenezaji wa picha hiyo ya pili alijua mapema atapata shilingi ngapi, kwa hiyo faida yake ilitokana na kubana matumizi. Kazi ilikamilika kwa wiki chache, mavazi yaliazimwa kutoka filamu nyingine, na machimbo ya zamani ya mawe ya Bronson, ndani ya bustani ya Griffith mjini Los Angeles, yalikuwa pango la Arabuni wiki hii na la Afrika wiki ijayo. Kampuni kama Monogram na Republic ziliishi kwa biashara hiyo. Mtindo wa picha mbili ulipokufa, jina la daraja B likabaki kwa filamu yoyote ya msisimko iliyotengenezwa kwa fedha kidogo.

Haraka ile iliwafanya waandishi wachukue sura zilizokwisha kuzoeleka: Mwarabu na jambia lake, mganga Mwafrika na mifupa yake, Mchina asiyeaminika. Wakati huohuo, wakubwa wa studio hawakuzifuatilia kwa karibu picha za namna hii, na hadithi zenyewe zilitokea katika visiwa visivyo ramani na enzi zisizo kalenda. Humo mlikuwa na nafasi kidogo ya kupumua. Jini mweusi aliweza kumkejeli binadamu na kumtisha, jambo ambalo mwigizaji yuleyule, akipewa nafasi ya mpishi au dereva katika filamu ya maisha ya kawaida ya Marekani, hakuruhusiwa hata kulikaribia.

Kifungu kilichoamua

Sababu ya utaratibu ule haikuwa ladha ya watazamaji peke yake. Ilikuwa imeandikwa. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizopitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikuwa na kifungu kilichokataza kuonyesha uhusiano wa kimapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1956, na kanuni zote zikafutwa mwaka 1968 ulipoletwa mfumo wa madaraja ya umri. Wasimamizi wa studio hawakuishia kwa weusi. Mara nyingi tahadhari ileile iliwaangukia Waasia.

Aliyeyaonja hayo mapema ni Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1905 katika familia ya Kichina. Katika The Thief of Bagdad ya kwanza, ile ya bila sauti ya mwaka 1924, alicheza mjakazi wa Kimongolia anayemfanyia ujasusi adui wa Douglas Fairbanks. Picha ilimtangaza duniani, lakini haikumfungulia mlango wa kuwa mwigizaji mkuu. Mwaka 1928 alihamia Ulaya kutafuta kazi yenye heshima zaidi. Aliporudi, studio ya MGM ilipokuwa ikitayarisha The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China, nafasi ya mke ilikwenda kwa Luise Rainer, mwigizaji wa lugha ya Kijerumani aliyebandikwa sura ya Kichina. Mume alikuwa Paul Muni, Mzungu, na mke wa Mzungu katika sinema ilibidi awe Mzungu, hata kama wote wawili wanajifanya Wachina. Rainer alipata Oscar kwa kazi hiyo. Wong alisubiri hadi mwaka 2022, miaka zaidi ya 60 baada ya kifo chake, ndipo sura yake ilipochorwa kwenye sarafu ya robo dola ya Marekani.

Sabu, Maria na rangi za Technicolor

Mwaka 1942 studio ya Universal ilitoa Arabian Nights, filamu yake ya kwanza kwa mtindo kamili wa rangi wa Technicolor. Vita vilikuwa vimepamba moto, watu walitaka kusahau, na picha ya masultani na vijakazi iliwapa walichotaka. Khalifa Haroun al-Rashid alikuwa Jon Hall, Mmarekani. Shehrazade alikuwa Maria Montez, mzaliwa wa Barahona katika Jamhuri ya Dominika. Sabu aliletwa awe rafiki. Naye Sinbad, baharia wa hadithi, alikuwa Shemp Howard, yule mchekeshaji wa kundi la Three Stooges.

Mapato yalikuwa mazuri kiasi kwamba Hall, Montez na Sabu walirudishwa kazini pamoja. Katika Cobra Woman ya 1944, Montez anacheza mapacha wawili, mmoja mwema na mwingine kuhani wa nyoka, kwenye kisiwa cha bahari ya kusini chenye volkano inayodai kafara. Kiingereza chake kilikuwa kizito na uigizaji wake ulichekwa na wahakiki, lakini alisimama mbele ya kamera kama mtu anayeamini kila neno. Kuwa Mlatini mwenye ngozi nyeupe kulimpa ruhusa ambayo wengine hawakuwa nayo: leo Mwarabu, kesho mtu wa visiwani, keshokutwa jipsi au malkia wa kale, na kila mara anapendwa na steringi. Alifariki mwaka 1951 karibu na Paris. Uwanja wa ndege wa Barahona unaitwa kwa jina lake.

Sabu alikuwa na kipaji, jina na wapenzi wengi wa kumtazama. Alianza mwaka 1937 na Elephant Boy, akiwa mtoto wa mtunza tembo aliyeokotwa na watu wa filamu nyumbani kwao Mysore, na mwaka 1942 alikuwa Mowgli katika Jungle Book. Kwenye picha za Universal anapanda, anaruka, anaiba funguo, anaokoa watu, kisha wakati wa busu anasimama pembeni akitabasamu. Mwaka 1944 alipata uraia wa Marekani, akajiunga na jeshi la anga na kuwa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege za kivita za Pasifiki, kazi iliyompa nishani ya Distinguished Flying Cross. Alirudi akiwa mwanamume mzima, shujaa wa kweli, na nafasi alizopewa zilikuwa zilezile za kijana wa msituni. Alifariki mwaka 1963 kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 39.

Jini anabadilishwa sura

Mwaka 1945 studio ya Columbia ilitoa A Thousand and One Nights, kichekesho cha Aladdin kilichochezwa na Cornel Wilde. Mwandishi alikuwa na wazo jipya: jini wa taa awe mwanamke, tena ampende Aladdin. Na jini alipopata moyo wa kupenda, akawa mweupe. Nafasi ilikwenda kwa Evelyn Keyes, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mdogo wake Scarlett katika Gone with the Wind. Rex Ingram naye yumo kwenye filamu hiyo. Amewekwa kuwa jitu la kulinda pango, akijikejeli mwenyewe wa mwaka 1940.

Miaka 13 baadaye, katika The 7th Voyage of Sinbad, filamu ya bajeti ndogo iliyomtangaza fundi wa vikaragosi Ray Harryhausen, jini alikuwa mtoto. Richard Eyer, kijana wa Kimarekani wa umri wa shule ya msingi, anatoka katika taa akiwa na kilemba na uso wa mtoto wa jirani, na anachotaka ni kuwa mtu wa kawaida na kusafiri na Sinbad. Hakuna tena wa kumwogopa wala wa kumwonea wivu.

Ilibidi kusubiri hadi Aladdin ya Disney ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Guy Ritchie, ndipo jini mweusi akapata mke. Will Smith anaachiwa huru, anamwoa mtumishi wa binti mfalme na kuzaa naye watoto. Princess Jasmine wa filamu hiyo ni Naomi Scott, Mwingereza ambaye mama yake ni Mgujarati aliyezaliwa Uganda. Majina ya mchawi Jafar na tumbili Abu yalitoka moja kwa moja katika ile ya 1940. Abu wa kwanza alikuwa Sabu, na Disney ilipotengeneza katuni yake ya 1992 jina lake likapewa mnyama.

Sinbad wa kila taifa isipokuwa lake

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa nahodha wa Basra anafananaje. Majahazi ya Ghuba na Oman yaliingia Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi, na safari za Sinbad zimesomwa kwa Kiswahili na vizazi vya wanafunzi kupitia Alfu Lela Ulela. Msomaji kama huyo akiiangalia orodha ya masinbad wa sinema anaweza kudhani amekosea ukurasa.

Mwaka 1947 alikuwa Douglas Fairbanks Jr. Mwaka 1958 alikuwa Kerwin Mathews, na Baghdad yake ilipigwa picha Uhispania, pamoja na kasri la Alhambra mjini Granada, ambalo angalau lilijengwa na Waislamu. Mwaka 1963 alikuwa Guy Williams, yule Zorro wa televisheni, katika picha iliyotengenezwa Ujerumani. The Golden Voyage of Sinbad, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 1973, ilimpa John Phillip Law kilemba na lafudhi ya kubahatisha. Mwaka 1977, katika Sinbad and the Eye of the Tiger, baharia alikuwa Patrick Wayne, mtoto wa John Wayne.

Kioja kikubwa kuliko vyote kilitokea mwaka 1962. Kampuni ya Roger Corman ilinunua Sadko, filamu ya Kisovieti ya Aleksandr Ptushko iliyopata tuzo kwenye tamasha la Venice mwaka 1953. Ni hadithi ya mpiga kinanda wa Novgorod anayesafiri kutafuta ndege wa furaha. Kijana mmoja aitwaye Francis Ford Coppola, ambaye wakati huo hakuwa amejulikana, alipewa kazi ya kuandika maneno mapya ya Kiingereza. Sauti zikabadilishwa, na picha ikatoka kwa jina la The Magic Voyage of Sinbad. Makanisa ya Kirusi yenye kuba za vitunguu yakawa mji wa Mashariki. Mwigizaji mkuu, Sergei Stolyarov, akaandikwa kwenye tangazo kuwa Edward Stolar. Enzi za Vita Baridi, Mrusi hakuweza kuwa Mrusi katika sinema ya Marekani, lakini kuwa Mwarabu aliweza bila hata kunyoa ndevu zake.

Waitaliano walikuwa wametangulia kufanya mageuzi ya aina hiyo. Cabiria ya mwaka 1914, hadithi ya vita vya Roma na Carthage, ilimleta Maciste, mtumwa wa Kiafrika mwenye nguvu za ajabu. Aliyemcheza ni Bartolomeo Pagano, mpagazi wa bandari ya Genoa, akiwa amepakwa rangi nyeusi mwili mzima. Watazamaji walimpenda Maciste kuliko mashujaa wa Kirumi, na mwaka uliofuata akatengenezewa filamu yake mwenyewe. Rangi ikaoshwa. Kuanzia hapo Maciste ni Mwitaliano mweupe, na alipofufuliwa mwaka 1960 katika wimbi la picha za akina Hercules, aliigizwa na watunisha misuli wengi wao kutoka Marekani. Mmoja wao, Gordon Scott, alikuwa ametoka kucheza Tarzan.

Masikio ya bandia

Kwa Afrika Mashariki, sura hii ya sinema si habari ya mbali. Mwaka 1929 studio ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke na kikosi chake kupiga Trader Horn, na msafara ulipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Hadithi yenyewe ni ya msichana wa Kizungu aliyepotea utotoni na kuabudiwa na Waafrika kama mungu wao. Edwina Booth alimcheza. Mutia Omoolu, mwigizaji kutoka Kenya, alikuwa Rencharo, mbeba bunduki wa mfanyabiashara Horn, na anabaki kuwa mmoja wa Waafrika wa mwanzo kabisa kupewa nafasi kubwa katika filamu ya Hollywood.

Van Dyke alirudi na picha nyingi kuliko alizohitaji. Studio haikuzitupa. Mwaka 1932 zilitumika katika Tarzan the Ape Man ya Johnny Weissmuller, iliyopigwa California: Tarzan anatazama upande mmoja akiwa Marekani, na anachokiona ni Afrika iliyopigwa miaka miwili mitatu kabla. Pale ambapo mabaki hayakutosha, studio ilibuni. Watu wafupi wa msituni walichezwa na Wazungu wenye vimo vifupi waliopakwa weusi. Tembo walikuwa wa Asia, kwa sababu ndio waliopatikana kwenye masarakasi, na walibandikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa kwetu.

Mfululizo wa Tarzan uliendelea kwa miongo, ukishuka bajeti kadiri miaka ilivyopita, na ndani yake mara mojamoja alipenya mtu ambaye picha haikujua imfanyie nini. Katika Tarzan's Peril ya 1951, Dorothy Dandridge ni Melmendi, malkia wa Ashuba. Ana watu, ana amri, na anamkataa mwanamume anayemtaka kwa nguvu, mfalme Bulam aliyechezwa na Frederick O'Neal. Kwa dakika chache anazoonekana, kila aliye kwenye fremu anamtazama yeye. Miaka mitatu baadaye alicheza Carmen Jones na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Watu wa akiba

Mabaki ya Trader Horn yaliweka desturi, na desturi ilifika kileleni na King Solomon's Mines ya mwaka 1950. MGM ilipiga sehemu kubwa ya filamu hiyo Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Ilipata Oscar ya upigaji picha na ya uhariri. Umbopa, mwana mfalme anayerudi kudai kiti chake, alichezwa na Mnyarwanda aliyeandikwa kwenye orodha ya waigizaji kuwa Siriaque wa kabila la Watussi. Khiva, mhudumu wa msafara, alikuwa Kimursi wa kabila la Kipsigi. Stewart Granger na Deborah Kerr hawakuandikiwa makabila.

Mandhari, wanyama na hasa ngoma za wacheza dansi wa Rwanda, warefu, wenye mapambo ya kichwani yanayorushwa kwa mdundo, zilikuwa nyingi mno kwa filamu moja. Mwaka 1959 MGM ilitengeneza Watusi, mwendelezo wa bei rahisi. George Montgomery na Taina Elg walikaa studio California, na Afrika yao ikatolewa kabatini, ikiwa na umri wa karibu miaka kumi. Kwa kuwa Siriaque hakuwepo California, Umbopa alihitaji mtu mpya. Aliyeitwa ni Rex Ingram, wakati huo akiwa na miaka 63.

Kwa hiyo katika picha ileile, mfalme wa Kiafrika anachezwa na Mmarekani mweusi aliyesimama mbele ya pazia, na raia wake ni Wanyarwanda waliochezea ngoma kamera iliyokwishaondoka zamani. Mwaka huohuo wa 1959, mwezi Novemba, machafuko yalizuka Rwanda na maelfu ya Watutsi walianza kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Studio ilizitumia tena picha za safari ile hata mwaka 1973, ilipoitengeneza upya Trader Horn, huku nchi zote zilizoonekana humo zikiwa zimeshapata uhuru.

Upande wa Bombay

Hollywood haikuwa peke yake katika biashara ya maajabu. Mjini Bombay, ndugu wawili wa Kiparsi, J. B. H. na Homi Wadia, walianzisha Wadia Movietone mwaka 1933 na kuijenga kwa picha za mapigano, farasi na majini. Nyota wao mkubwa alikuwa Nadia, jina la kisanii la Mary Ann Evans, aliyezaliwa Perth, Australia. Katika Hunterwali ya mwaka 1935 ni binti mfalme wa Kihindi anayevaa barakoa na kuwachapa wadhalimu kwa kiboko. Mzungu wa nywele za dhahabu akiwa shujaa wa Kihindi, enzi za utawala wa Waingereza, na watazamaji wakimshangilia: hesabu za rangi za Hollywood hazifanyi kazi hapo.

Mwaka 1937 walitoa Toofani Tarzan, na katika miaka ya 1950 kampuni ya Homi Wadia ya Basant ikatoa Aladdin, Alibaba na Hatim Tai. Wahindu, Waislamu na Waparsi walifanya kazi pamoja katika hadithi za Kiarabu na Kiajemi, na steringi alifanana na aliyekata tiketi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kwa kina kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa Unguja na Dar es Salaam kuliko za Kimarekani. Watu waliojipanga foleni katika majumba ya Majestic au Empire hawakulazimika kungoja Hollywood ifute kifungu chake ndipo wamwone mwenye kilemba akiimbiana na mpenzi wake.

Mapanga ya miaka ya 1980

Conan the Barbarian ya John Milius ilipofanikiwa mwaka 1982, soko lilifurika picha za mapanga na uchawi, nyingi zikiwa za fedha kidogo. Kanuni za zamani zilikuwa zimeshafutwa, na waigizaji walianza kusambazwa kwa namna nyingine. Katika Conan hiyo, James Earl Jones ni Thulsa Doom, kiongozi wa dini ya nyoka, amevishwa nywele ndefu zilizonyooka. Ni adui, lakini ndiye mwenye mazungumzo yenye uzito kuliko yote; Arnold Schwarzenegger anapiga, Jones anafikiri. Katika The Beastmaster ya mwaka huohuo, John Amos, aliyekuwa Kunta Kinte mtu mzima katika Roots, ni Seth, mlinzi wa mwana mfalme na mpiganaji mwenye akili timamu katika picha ambayo chui mweusi ni simbamarara aliyepakwa rangi.

Conan the Destroyer ya mwaka 1984 ilikwenda mbali zaidi. Katika kundi la wasafiri sita, wawili ni weusi. Bombaata ni Wilt Chamberlain, gwiji wa mpira wa kikapu, katika nafasi pekee ya uigizaji wa filamu aliyowahi kucheza. Ni mlinzi mwaminifu ambaye baadaye anageuka msaliti. Zula ni Grace Jones, Mjamaika. Katika katuni za Marvel Zula alikuwa mwanamume; kwenye filamu akawa mwanamke wa porini, tunamkuta amefungwa mnyororo akizungukwa na wanakijiji wanaotaka kumuua. Ana fimbo tu, na anawapiga. Baada ya kufunguliwa ndiye asiyeogopa kitu, na binti mfalme anapotaka kujua mwanamke humpataje mwanamume amtakaye, anamuuliza yeye. Jibu la Zula ni fupi na la vitendo. Hata hivyo hakuna mwanamume aliyeandikiwa yeye. Mwishoni malkia mpya anagawa vyeo, na Zula anakuwa mkuu wa walinzi wa kasri.

Mchawi Akiro katika filamu zote mbili za Conan ni Mako, mzaliwa wa Kobe, Japani. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa The Sand Pebbles ya 1966, lakini hata kabla ya hapo alikuwa amechoka kupewa nafasi za wapishi na makatili wa vita. Mwaka 1965, pamoja na waigizaji wenzake wa asili ya Asia, alianzisha East West Players mjini Los Angeles, kundi la tamthilia ambamo Mmarekani wa asili ya Japani angeweza kucheza baba, mume, mpenzi au mfalme. Kundi hilo linafanya kazi hadi leo. Rafiki wa Conan, Subotai, anaonekana kwa mwili wa Gerry Lopez, bingwa wa mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi kutoka Hawaii, lakini maneno yake yanatoka kinywani mwa Sab Shimono, ambaye mwaka 1976 alikuwa jukwaa moja na Mako huko Broadway katika Pacific Overtures. Na sauti ya kwanza inayosikika katika Conan the Barbarian, ile inayomweleza mtazamaji hii ni enzi gani na huyu ni nani, ni ya Mako.